Maua ya Manjano Katika Mashamba Yaliyolala

Kati ya ng'ombe saba waliobaki katika zizi lile, yule wa madoa ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote. Mama mwenye nyumba alizoea kumkamua akiwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwake, akiimba taratibu nyimbo za kanisani. Asubuhi ile ya kiangazi ng'ombe huyo aligeuka ghafla, akampiga pembe chini ya mbavu, akambana kwenye ukuta wa mbao, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kumrukia tena akiwa tayari yuko chini. Alipomwacha, alianza kuzunguka zizi, mzunguko baada ya mzunguko, kichwa kimeinama, hata akafika kwenye nguzo ya mlango. Hapo aliweka paji lake juu ya nguzo akasukuma, kama watu wanavyosukuma lori lililozama katika matope ya barabara ya Rubaya. Alisukuma mpaka ngozi ikachanika na mfupa ukaonekana. Wanaume wanne walimkata mishipa ya miguu ya nyuma kwa mapanga, na hata alipoanguka aliendelea kusukuma hewa.

Hayo nilisimuliwa na waliokuwapo. Niliyoyaona kwa macho yangu yanaanza saa tatu ya asubuhi hiyohiyo, lakini kosa langu lilianza miezi minne kabla, na sina budi kulitanguliza.

Sisi ni watu wa kulima. Babu zangu walilima kilima hiki cha Masisi kabla ya mtu yeyote aliye hai leo kuzaliwa. Papa mwenye ng'ombe, baba wa nyumba ile na mume wa mama yule, ni wa familia ya ufugaji iliyo jirani yetu. Tunasali katika kanisa moja, na nilipokuwa mdogo nilikunywa maziwa yake kabla sijajua kutamka jina la Mungu. Aliwahi kuwa na kundi kubwa katika malisho ya juu. Kisha malisho yale yakawa ya wenye bunduki, kundi likaliwa nusu na nusu nyingine ikachukuliwa, naye akateremka na wale saba, akawafungia katika zizi karibu na barabara. Ng'ombe wa kufungiwa hawezi kujitafutia. Anahitaji mtu wa kumletea majani.

Mtu huyo alikuwa mama yangu mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mashamba yetu ya mteremkoni yalikuwa yamelala misimu miwili, kwa sababu kulima ni kukaa mahali pamoja siku nzima huku umeinama, na hakuna aliyethubutu kukaa hivyo karibu na wenye bunduki. Kukata majani ni kazi ya mbio: unapanda, unakata, unateremka. Kila siku mbili mama mkubwa alipanda na mundu wake. Alikuwa na desturi ambayo wanawake wote wa huku wanaifuata: majani anayokata leo anayaacha yamelala kilimani hadi siku ya pili, yanyauke, ndipo ayafunge tita na kulibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Majani mabichi huvunja shingo. Yaliyonyauka hubebeka.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Goma na diplomu ya kilimo. Watu waliniita Enjenieri, kama huku wanavyomwita mtaalamu wa kilimo, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, nami nililipokea jina hilo bila kuchuja. Niliamini, na bado naamini, kwamba elimu ni deni la mtu kwa wale waliomsomesha. Kwa hiyo nilipita mashambani nikiwa na daftari na magazeti ya zamani ya kukaushia mimea, na mtu yeyote akiniuliza jambo nilimjibu. Sikuwa nimejifunza bado kwamba kuna maswali ambayo jibu lake la uadilifu ni kunyamaza.

Kabla ya Pasaka, mvua ikinyesha, mama mkubwa alinijia na mmea mkononi, umeng'olewa na mizizi yake. Shamba lililolala lilikuwa limejaa mmea huo.

"Mutoto yangu, hii iko nini? Mbuzi inakula bila shida. Lakini ngombe ya Papa inanusa tu, inaacha."

Niliutazama. Shina lilikuwa na mistari myekundu. Majani yalikuwa na meno pembeni, na chini ya kila jani palikuwa na masikio mawili madogo yaliyokumbatia shina. Ua halikuwapo. Nilikumbuka mboga ya porini ambayo yeye mwenyewe alitupikia wakati wa njaa, ile ya maua ya rangi ya chungwa iliyopakana na njano, na majani yake yalikuwa hivihivi.

"Ni ile mboga yetu, Mama mukubwa. Kama si yenyewe, ni ndugu yake. Ni familia moja."

"Mbona inakataa?"

"Haijazoea. Ikinyauka, itakula."

Akacheka. "Enjenieri amesema!"

Na kweli, iliponyauka, ng'ombe walikula. Wiki ile alinishukuru mbele ya watu, kwa kuwa mmea ulikuwa mwingi na ulikuwa karibu, na hakuhitaji tena kupanda hadi mahali ambapo risasi zilisikika.

Jamii ya alizeti, ambamo mmea ule umo, ni ngumu kwa sababu inadanganya tangu mwanzo. Kitu unachokiita ua ni maua mengi yaliyobanana katika kikombe kimoja, na ishara zinazotenganisha ndugu na ndugu zimefichwa katika vitu vidogo kuliko chawa. Mboga yetu, ambayo chuoni nilifundishwa kuiita Crassocephalum, ina kichwa kama brashi iliyokatwa sawasawa: vijiua vyote ni mirija, hakuna hata kimoja chenye ulimi unaotoka nje. Ndugu yake, Senecio, katika kilima chetu ana ndimi fupi sana za manjano ukingoni mwa kikombe, zilizojikunja kiasi kwamba lazima uziinue kwa ukucha. Ishara ya pili iko chini ya kikombe. Pale shingoni pana vijani vidogo vya kukipokea. Kwa mboga ni vyembamba kama nyuzi na vina rangi moja, kwa yule mwingine ncha zake ni nyeusi, kana kwamba mtu amezichovya moja moja katika wino. Ishara hizo mbili zinatosha. Lakini zote mbili ziko kwenye ua, na mmea nilioletewa ulikuwa bado mtoto. Mwalimu wangu alituambia mara nyingi kwamba katika jamii hii asiyeona ua hajaona kitu.

Tena nilijua zaidi ya hapo. Nilijua kwamba Senecio ni sumu ya ini, kwamba mbuzi huistahimili na ng'ombe haistahimili, kwamba ikiwa mbichi ni chungu na ng'ombe huikataa, na kwamba ikinyauka uchungu hupungua lakini sumu hubaki kama ilivyo. Niliwahi kuliandika jibu hilo katika mtihani wa mwaka wa pili, nikapata pointi zote. Yaani ng'ombe alikuwa amesema ukweli kwa pua yake, mama mkubwa akaniletea ukweli huo mlangoni, nami nikamfundisha namna ya kumdanganya ng'ombe.

Mvua zilipokwisha nilipanda kilimani. Mteremko wote ulikuwa wa manjano. Nilipiga magoti, nikainua ulimi mmoja kwa ukucha, nikageuza kikombe. Ncha nyeusi. Nikachukua kingine. Ncha nyeusi. Kila baada ya mimea mitano au sita nilikuta mboga halisi, imesimama katikati ya wenzake kama mtu asiye na hatia aliyekamatwa na kundi.

Siku ile ilikuwa siku tisa kabla ya ng'ombe wa madoa kumpiga pembe mama yule. Nilimwambia mama mkubwa aache kukata mmea huo, nikamweleza kwa nini. Aliweka mundu chini.

"Umemuambia Papa?"

"Nitamwambia. Kwanza nataka kuhakikisha. Nataka kulinganisha na mimea ya Goma."

"Kuhakikisha," akasema. "Na mimi nitamuangalia namna gani?"

Nikamwomba asubiri. Nilijiambia kwamba huo ni uangalifu wa mtu wa sayansi. Haukuwa uangalifu. Niliogopa kuitwa Enjenieri kwa sauti ile nyingine. Yeye alinyamaza kwa ajili yangu, na katika zizi la Papa rundo la majani yaliyonyauka lilibaki, na ng'ombe wakaendelea kulila.

Basi saa tatu ya asubuhi ile nilisikia kelele barabarani, mbele ya nyumba wanapokusanyia maziwa. Nilidhani ni wezi. Nilipofika niliona migongo ya watu, na juu ya migongo fimbo zikipanda na kushuka. Walikuwamo wafugaji na wakulima, na wachimbaji wa madini ya koltani waliokuwa wakipita na mizigo, ambao hawakumjua mtu yeyote kati yetu lakini walikuwa wameweka mizigo chini ili mikono iwe huru. Nilijipenyeza kwa viwiko. Mama mkubwa alikuwa amekaa mavumbini, miguu imefungwa kwa mkanda wake mwenyewe wa kubebea. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka, na mvi zake, ambazo sikuwahi kuziona hadharani, zilikuwa zimeloa damu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umegeuka mahali ambapo mkono haugeuki.

"Mulozi!" walipiga kelele, wakimwita mchawi. "Ameua ngombe, sasa anaua batu!"

"Alitumwa! Muulize nani alimutuma!"

Kijana mmoja mwenye koti la kijani, mwendesha pikipiki, alikuwa amebeba tita kutoka zizini. Akalitupa mapajani pa mama mkubwa.

"Kula! Si unasema majani yako iko muzuri? Kula tuone!"

Mama mkubwa aliyatazama majani. Kisha kwa mkono wa kushoto akachukua konzi, akayaweka kinywani, akatafuna. Alitafuna polepole huku akimkazia macho kijana yule, akameza, akachukua konzi jingine. Fimbo zilishuka. Kwa muda mfupi nilidhani amejiokoa.

"Iko na dawa yake!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma. "Mulozi hafe na sumu yake!"

"Njo vile! Bote balikunywa dawa kwanza!"

Wakacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko matusi. Kijana wa koti la kijani alikwenda kwenye meza ya mwuza petroli iliyo kando ya barabara akarudi na chupa. Alikuwa akifungua kifuniko chake kwa meno.

Nataka kueleza kwa usahihi nilichofanya, kwa maana baadaye watu kanisani walinisifu, na sifa hiyo si yangu. Nilisimama kwanza. Nilihesabu watu kati yangu na njia ya kurudi nyumbani. Chupa ilipofunguka na harufu ikanifikia, ndipo nilipopiga magoti mbele ya mama mkubwa, na sehemu ya petroli ikamwagikia mgongo wangu.

"Ni mimi," nilisema. "Ye hana kosa. Mimi njo nilimuambia alete hii majani."

"Weye nani?"

"Enjenieri wa majani!" mtu akanitambua. "Dada ya chuo! Balimusomesha kuua ngombe!"

"Bachome bote wawili, diplomu itawaka muzuri!"

Teke likanipata ubavuni, na jingine. Nilimwinamia mama mkubwa nikaanza kusema yote niliyoyajua, kwa sauti ya kukatika, kuhusu mmea na ini na kunyauka. Hakuna aliyesikiliza. Nilikuwa nikifundisha darasa la fimbo. Ndipo umati ulipofunguka upande mmoja, na Papa mwenye ng'ombe akaingia. Alikuwa ametoka kumpeleka mke wake kwenye kituo cha afya, na shati lake lilikuwa na damu ya mke wake tangu kifuani hadi kiunoni. Mkononi alishika fimbo yake ya kuchungia. Wakamwachia nafasi kama bwana harusi.

"Papa, tulikungojea," alisema yule wa pikipiki. "Sema tu neno."

Papa alimtazama mama mkubwa, ambaye alikuwa amemshika mtoto wake wa kwanza mikononi kanisani, kama mama wa ubatizo. 

"Mama, ni kweli?"

Mama mkubwa alitema majani. "Muulize huyu," akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Nilimwambia Papa, "Umefungua ile ngombe?"

"Nini?"

"Ngombe ya madoa. Ufungue, uangalie maini. Kama ni sumu ya jana ao juzi, maini itakuwa laini, itavimba, itajaa damu. Kama ni ile ninasema, itakuwa nguvu, kama ubao. Weye unajua maini kunipita. Ufungue kwanza, kisha utafanya unachotaka."

"Anapoteza wakati!" wakasema. Lakini Papa alikuwa mfugaji. Amechinja ng'ombe tangu ujana, kwa harusi, kwa misiba na kwa sikukuu, na nilikuwa nimemwambia neno moja ambalo mikono yake iliweza kulipima yenyewe. Alitoa ishara. Tulipelekwa zizini sote, mama mkubwa akiburutwa, mimi nikisukumwa.

Ng'ombe wa madoa alikuwa amelala pale alipoanguka, paji limevunjika, nzi machoni. Papa alichukua panga kwa mtu aliyekuwa karibu akafungua tumbo kwa pigo moja refu. Maji ya rangi ya majani makavu yalimwagika hadi miguuni mwetu, mengi kupita kiasi, na watu wakaruka nyuma wakifunika pua. Yeye hakuruka. Aliingiza mkono hadi begani, akakata, akatoa ini. Lilikuwa dogo. Lilikuwa la kijivu, na lilibaki na umbo lake mkononi, halikulegea kama ini linavyolegea. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuzama. Akalibonyeza tena, mahali pengine, kisha akaliweka juu ya ubao wa kukamulia na kulikata, nasi tukasikia sauti ya panga likipita, kama linapita katika soli ya kiatu.

Aliweka panga chini. Hatimaye akasema, si kwa umati bali kwa ini lenyewe: "Hii ilianza kufa kabla ya Pasaka."

"Ni wakati ule nilimuambia alete," nikasema.

"Weye."

"Mimi."

"Ye hakujua?"

"Aliniuliza. Aliniambia ngombe inakataa. Nilimuambia ikinyauka itakula."

Niliona jinsi hasira yao ilivyomwacha mama mkubwa na kunitafuta mimi. Niliiona katika macho ya watu wote, kama kundi linapogeuka malishoni. Mtu alikata mkanda miguuni mwake. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilijua jambo moja zaidi, na kama nisingelisema, mama mkubwa angekuwa ameokoka kwa wiki chache tu. Ng'ombe wa pili akianguka, wangesema amerudia.

"Papa, bado," nilisema. "Zile sita. Hata ukitupa hii majani yote leo, hata zikila matete peke yake. Maini yao imekwisha kuguswa. Zitakufa zingine. Mbili, labda tatu. Kisha itaisha. Ikifika, ujue ni hii ya leo, si mutu."

Sikumaliza vizuri neno la mwisho. Fimbo yake ilinipata mdomoni. Nilihisi meno yakivunjika kabla ya kuhisi maumivu, nikaanguka katika yale maji ya tumbo, na pigo la pili likanipata begani, la tatu mgongoni, lile lililoacha alama ninayolalia mpaka leo. Umati ulisogea. Nilisikia miguu yao. Kisha nikasikia miguu ya Papa ikisimama pande mbili za kichwa changu.

"Nani anakuja?" alisema.

"Papa, tuachie sisi."

"Ngombe ni ya nani?"

Miguu ikaacha kusogea.

"Ngombe ni ya nani? Bibi aliye kwa munganga ni ya nani? Mwenye ngombe ameshapiga. Imeisha."

Huku kwetu hilo ni neno zito. Mwenye hasara akishapiga kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mzoga, amejilipa. Anayepiga baada yake anapiga kwa niaba ya nani? Kijana wa pikipiki alinung'unika, akatukana, akaangalia chupa yake iliyobaki nusu, na akaondoka kwenda kuimalizia kwenye tangi. Wachimbaji wakarudia mizigo yao. Nimejiuliza mara nyingi kama Papa alinipiga kwa sababu alitaka kunipiga, au kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoiona ya kunitoa pale nikiwa hai. Nadhani alitaka kunipiga. Nadhani pia kwamba katikati ya pigo la kwanza na la tatu alikumbuka kazi nyingine ya fimbo.

Hakunitazama tena. Alisema tu, "Amuka. Hii tita ingine, utenge."

Palikuwa na matita mawili yaliyobaki katika kona. Nilikaa sakafuni mwa zizi, damu ikidondoka kidevuni, nikaanza kutenga shina moja moja. Mashina ya tita la juu yalikuwa yamekatwa yakiwa na maua. Niligeuza kila kikombe kilichokauka nikatafuta ncha nyeusi. Mbaya kushoto, mboga kulia. Papa alisimama juu yangu akitazama. Baada ya muda alichuchumaa, akachukua shina moja, akalileta karibu na jicho, akageuza kikombe kama nilivyokuwa nikifanya.

"Hii nyeusi, kama wino?" akauliza.

"Ndiyo, hiyo."

Akaliweka kushoto. Tuliendelea hivyo hadi tita la juu likaisha. Tita la chini lilikuwa la zamani zaidi, lilikatwa kabla ya maua, na nilipolifikia niliinua mikono. Nilimwambia siwezi kulitenga. Akalibeba lote akalichoma moto.

Mke wake alipona, ingawa mbavu tatu ziliungana vibaya naye hawezi tena kuinama kukamua. Mama mkubwa alifungwa mkono kwa vijiti na yule yule mwuguzi wa kituo cha afya, katika chumba kilekile, kitanda kwa kitanda na mke wa Papa, na nilisikia kwamba wanawake hao wawili hawakuzungumza siku ya kwanza, na siku ya pili walizungumza mpaka mwuguzi akawaonya. Lakini barabarani watu waliendelea kumtazama mama mkubwa. Nilipompitisha mbele ya nyumba ya maziwa mtu alipiga mluzi. Siku ya sita alipanda pikipiki akaenda Pinga, upande wa Walikale, kwa mdogo wake wa kiume anayelima huko. Nilitaka kumsindikiza. Alikataa.

"Bakia hapa," alisema. "Kama mimi na weye tunakimbia, batasema tulikuwa wawili."

Kwa hiyo nilibaki. Niling'oa ule mmea katika mashamba yetu kabla haujaangusha mbegu, siku baada ya siku, nikisikiliza upande wa juu. Watoto walinifuata wakiniita Enjenieri Bila-Meno, na niliitika.

Wiki ya tano baada ya siku ile, Papa alikuja nyumbani mchana. Alikuwa amebeba bakuli la plastiki lililofunikwa jani la mgomba. Aliliweka kizingitini, akalifunua. Ini lilikuwa dogo na la kijivu, nami nilinyoosha kidole nikalibonyeza, na kidole hakikuzama.

"Ile nyeusi," alisema. "Haikugonga mutu. Ililala tu."

"Pole, Papa."

"Ulisema." Alifunika bakuli tena, kwa uangalifu, kana kwamba ndani mna chakula. "Leo batu balikuja kwangu asubuhi, banauliza, sasa mulozi iko Pinga, anaua namna gani toka kule? Nikabaonyesha maini. Nikabaambia ilisemwa mbele yao bote." Akasafisha mikono kwa majani. "Mupigie simu. Muambie arudi. Hakuna mutu atamugusa."

Nilipanda hadi mahali penye mtandao nikapiga simu. Mama mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake nilisikia mtu akitwanga.

"Na bibi ya Papa iko namna gani?" aliuliza.

"Anatembea. Hawezi kukamua."

"Na ngombe zimebaki tano."

"Tano."

"Ulimuambia mbili, labda tatu."

"Ndiyo."

"Basi imekufa moja." Sauti ya kutwanga ikasimama, kana kwamba huko nako walikuwa wakisikiliza. "Mukono yangu bado haishike mundu, sina haraka. Muambie Papa aksanti. Muambie angojee ya pili. Ikikufa ile ya pili, na siku ile ile bado anasema nirudi, nitarudi."

Nilimpelekea Papa jibu hilo neno kwa neno. Hakukasirika. Alinipeleka nyuma ya zizi, akanionyesha mtamba mwekundu aliyesimama peke yake mbali na wenzake. Manyoya yake yalikuwa yamesimama, na mifupa ya kiuno ilikuwa imeanza kuonekana. Alikuwa akitafuna matete safi ambayo Papa alikuwa ameyakata kwa mikono yake mwenyewe, na tulisimama pale sisi wawili, tukimhesabia matonge.